Mafuta ya Mama Nakhle

Gari la shule lilikuwa limekwisha kupita msikiti na duka la mikate, likinguruma kuupanda mlima, na msichana Wadad alikuwa amesimama nyuma, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine umeishika ngazi isianguke. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, ikaiosha mizeituni vumbi lote la kiangazi, na wanafunzi wa darasa la tisa walikuwa njiani kwenda kuchuma. Tisa A walipanda gari. Tisa B walifuata kwa miguu, wakilalamika kwa sauti wasikike mpaka Bethlehemu.

"Tisa A mmebebwa kama wagonjwa!" alipiga kelele Jubran, kijana mrefu wa Tisa B ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Sisi tuna miguu!"

"Miguu mnayo, mikono je?" Wadad akamjibu.

Gari zima likacheka, na Jubran akarusha kokoto lililoangukia mtaroni.

Shamba walilokwenda lilikuwa la Mama Nakhle. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi mwenye kilemba cheupe, na wanawe watatu walikuwa wamehamia Chile kama nusu ya vijana wa mji ule. Mizeituni haiwezi kungoja watoto warudi kutoka Chile. Kwa hiyo kila mwaka wanafunzi walimchumia, na yeye akichukua mafuta yake kidogo ya kumtosha, yaliyobaki yote aliyapeleka jikoni shuleni. Ndiyo mafuta waliyokula wanafunzi wa bweni mwaka mzima, asubuhi kwa mkate na unga wa majani makavu ya zaatari, jioni kwa dengu. Wadad alikuwa mmoja wa wanafunzi hao wa bweni.

Na palikuwa na jambo jingine. Shule ilikuwa ya Kilutheri, na baada ya kuchuma ilikuja Jumapili ya Mavuno. Kila mtu alileta alichonacho, kikapangwa mbele ya madhabahu: maboga, zabibu kavu, mikate, ndimu. Nusu ya darasa walikuwa Waislamu, nao walileta vilevile, na makomamanga ya kina Sabrin, rafiki yake Wadad, ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote. Tarumbeta zikilia, mwanafunzi mmoja aliingia wa mwisho na mtungi wa mafuta mapya. Darasa lililojaza masanduku mengi zaidi ndilo lililomtoa mwanafunzi huyo. Tisa A walikuwa wameshakubaliana: wakishinda, atabeba Wadad.

Wadad aliutaka mtungi ule kuliko kitu chochote. Kwao hapakuwa na mti hata mmoja. Walipanga vyumba viwili, na bibi yake, aliyefukuzwa kijijini kwake pwani katika vita vya mwaka wa arobaini na nane, kila msimu alikaa dirishani akiwatazama watu wakipita na magunia. Alikuwa akisema, "Kwetu tulichuma mpaka tukachoka kucheka." Kisha akanyamaza siku nzima. Mwaka huu Bibi alikuwa ameahidi kuja kanisani. Wadad alitaka amwone mjukuu wake akiingia na mafuta mikononi.

Mama Nakhle aliwapokea na birika la chai na maneno yake ya kila mwaka.

"Sikilizeni, wanangu. Za juu ya mti zinaingia kwenye masanduku. Za chini, zilizoanguka zenyewe, gunia lake lile pale. Hizo ni za sabuni. Atakayezichanganya amenitia tope mdomoni!"

"Hakuna wa kukutia tope, Mama Nakhle," alisema Jubran. "Labda hawa wa Tisa A, hawajui juu ni wapi."

"Wewe panda mti kwanza, tuone kama ulimi utakusukuma," Mama Nakhle akamjibu.

Wakatandika maturubai, wakaegemeza ngazi, kazi ikaanza. Zeituni zilidondoka kama mvua juu ya turubai. Watu waliimba, waligombana, walitupiana majani. Mwalimu Afif, aliyefundisha Kiarabu na kuongoza kundi la tarumbeta, alipita kati ya miti mikono nyuma, akitangaza nani yuko mbele, kama mtangazaji wa mpira. Kufikia wakati wa chakula, mbele walikuwa Tisa B.

"Bebeni mtungi wa maji!" Jubran aliwapigia kelele. "Wa mafuta ni wetu!"

Wadad hakucheka. Baada ya chakula alihamia mti wa pembeni, mkongwe, na chini yake aliona zeituni zilizoanguka zimetapakaa kama zulia, nyeusi, zinang'aa kwa unyevu. Kuchuma ndoo moja kwa mkono ni kazi. Kuzoa ndoo moja chini ni kufumba na kufumbua. Akatazama huku na huku, akapiga magoti, akazoa. Akazimimina sandukuni, akafunika na mbichi za juu.

Sabrin alimwona. "Wadad, hizo si za gunia?"

"Chache tu. Kinu cha kukamulia kina macho?"

"Kinu hakina. Mama Nakhle ana ulimi wa kuonja."

"Usiniangushe, Sabrin. Bibi yangu anakuja."

Sabrin akainua mabega, akarudi kwenye mti wake. Chache zikawa ndoo, na ndoo ikazaa ndoo. Jioni masanduku yalipopangwa, Tisa A walikuwa wamewapita Tisa B. Walimbeba Wadad juu juu, na Jubran akavua kofia akainama mbele yake kama mbele ya mfalme.

Wakaenda kinuni moja kwa moja na gari la shule, maana zeituni hazilazwi mpaka kesho. Mawe mawili makubwa yalizunguka, yakasaga. Uji wake ukapakwa kwenye mikeka ya nyuzi, mikeka ikapangwa, ikabanwa. Joto, kelele, harufu. Wadad aliyapenda sana mambo haya miaka yote, lakini jioni ile alibaki mlangoni. Aliona masanduku yake yakimiminwa pamoja na ya wengine.

Desturi ni kwamba mafuta ya kwanza huonjwa palepale. Mama Nakhle alikuwa amekuja na mikate ya moto imefungwa kwenye kitambaa. Akakata kipande, akakichovya, akatia kinywani. Kila mtu alimtazama, akingojea lile "Asifiwe Mungu" lake.

Halikuja. Alitafuna polepole. Akachovya tena kipande kingine, akampa Mwalimu Afif. Mwalimu akatafuna, akatazama sakafu. Jubran naye akaonja bila kuombwa, akakunja uso.

"Yana... yana ukungu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Ni ya sabuni haya," alisema Mama Nakhle. "Yote." Akakaa juu ya sanduku tupu. "Si kosa lenu, wanangu. Mmefanya kazi kama nyuki. Miti imezeeka, nami nimezeeka. Nilichelewa kuchuma, nilijua." Akajifuta mikono kwenye gauni. "Wanangu wananiambia kila siku, mama, uza shamba, njoo huku. Nilikuwa nawajibu: shule iliwalea ninyi baba yenu alipokufa, ikawalisha bure, nami nitailisha shule mpaka nife. Haya. Siwezi kuilisha shule sabuni. Nitawaambia wauze."

Mawe ya kinu yaliendelea kuzunguka. Wadad alimtazama Sabrin, na Sabrin alikuwa anamtazama yeye, bila hasira, akingoja tu. Wadad alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Mtungi utakuwa wake. Na shamba litauzwa kwa sababu ya kosa ambalo mwenye shamba amejisingizia mwenyewe.

"Mama Nakhle, usiuze."

"Nini, binti yangu?"

"Miti haina kosa. Mimi ndiye niliyezoa za chini. Chini ya ule mti mkongwe. Nilizifunika kwa za juu." Akaelekeza kidole kwenye masanduku. "Nilitaka tushinde."

Tisa A walipigwa na butwaa. Mtu mmoja nyuma alisema, "Wadad!" kama mtu aliyekanyagwa mguu. Mama Nakhle alisimama, akamjia, naye Wadad akafumba macho akingoja kofi.

"Nyingi kiasi gani?"

"Nyingi."

"Kwa hiyo miti yangu mizima?"

"Mizima, Mama Nakhle."

Mwanamke yule akavuta pumzi ndefu. "Asifiwe Mungu," alisema. Kisha akamshika Wadad sikio, akalisokota barabara. "Hili ni la mafuta! Chakula cha watu wa bweni umekigeuza povu, wewe na wenzako mle nini? Sabuni kwa zaatari?" Akaliachia. "Miti ya kwenye matuta ya juu mlimani haijachumwa, huiva kwa kuchelewa. Ni michache. Jumatatu ukitoka darasani nikukute pale."

Jumatatu Wadad alipanda mlima peke yake na ndoo yake, akiwa na hakika kwamba hakuna atakayemsemesha. Alimkuta Jubran yuko juu ya mti.

"Umechelewa, mama sabuni," alisema Jubran. "Shika turubai."

Sabrin alikuwepo. Baadaye wakaja Tisa A wengine wamenuna, na Tisa B, na Mwalimu Afif amekunja mikono ya shati. Safari hii hakutangaza nani yuko mbele. Wiki nzima walikwenda hivyo baada ya masomo. Mafuta yaliyopatikana yalikuwa kidogo, lakini mazuri, ya kijani, ya kuwasha koo. Mpishi alipiga hesabu zake, akasema akipima kwa kijiko yatafika Pasaka. Baba yake Jubran akaleta kopo lao moja, kina Sabrin wakaleta jingine, na Pasaka ikasogea mpaka likizo kubwa.

Jumapili ya Mavuno mtungi uliingizwa na mwanafunzi mdogo wa darasa la saba, aliyechaguliwa kwa sababu hakuwahi kushika kitu chochote kanisani. Lakini Mama Nakhle alikuwa amesema na ya sabuni yaende madhabahuni, maana nayo yametoka kwenye miti ileile, na ayabebe aliyeyatengeneza. Wadad akaingia na debe la bati, masikio yanawaka moto. Bibi yake alikuwa kiti cha tatu.

"Mbona mwenzake ana mtungi, yeye debe?" Bibi aliuliza kwa mnong'ono uliosikika mpaka kwenye tarumbeta.

Nje, chini ya ukuta wa kanisa, Wadad alimweleza yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka nikuone," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nimekuona. Debe lilikuwa zito, hukuliangusha." Akamgeukia Mama Nakhle. "Na sabuni nani anawapikia? Mnatia magadi kiasi gani? Kwetu nilipika mimi."

Kumbe miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza Bibi anajua nini. Jumamosi iliyofuata Bibi alikaa kwenye kiti uani shuleni kama jaji, sufuria kubwa mbele yake, akiamrisha kila mtu, Mwalimu Afif akiwemo. Wakakoroga kwa zamu, macho yanawatoka machozi. Bibi alisimulia habari za kijijini kwao, na safari hii hakunyamaza.

Sabuni ilipomiminwa sakafuni ikaganda, Mwalimu Afif aliwakalisha wote.

"Kosa la Wadad mnalijua," alisema. "Langu hamlijui. Jumapili ya Mavuno ni siku ya kushukuru, nami niliigeuza mashindano. Mtu anayeshindana hutazama sanduku la mwenzake. Anayeshukuru hutazama mkono uliompa. Mama Nakhle anashukuru shule, shule inamshukuru Mama Nakhle, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza nani yuko mbele. Na mjue hili pia: ukitoa shukrani, toa kitu safi. Kama si safi, sema kwamba si safi. Mwenye kupokea atajua la kufanya nacho."

Mashindano ya masanduku hayakurudi tena katika shule ile.

Mama Nakhle hakuuza shamba. Alikufa miaka sita baadaye, wakati wa baridi, na tarumbeta za shule zilimpeleka makaburini. Mwanawe mkubwa alirudi kutoka Chile kumzika, akabaki, akalitunza shamba mpaka jeshi lilipojenga ukuta wa kutenganisha watu, ukalikata nusu. Nusu ya upande wa huku bado inachumwa. Bibi alipika sabuni ya shule misimu minne, kisha macho yakamshinda. Jubran alihamia Chile, ana duka la vitambaa. Sabrin alikuwa mkunga Hebroni. Mwalimu Afif alistaafu, akafa. Kinu kimewekwa mashine za umeme. Wadad alifundisha hesabu shuleni hapohapo miaka mingi; sasa anaishi na binti yake karibu na kanisa, na magoti yanamsumbua.