Siyo Kilimi

Daphrose alipakua bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani. Mume wake, Vainqueur, mbeba mizigo wa bandarini, alimeza tonge moja. Likakwama. Akatoka nje kulitema.

"Ni kilimi," alisema Spès, mama mkwe wa Daphrose. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. "Kimerefuka. Asubuhi nitamuita yule mzee mkata kilimi akikate, kama tulivyokatwa sisi."

Daphrose hakuzoea kumpinga mama mkwe. Lakini macho yake yalikuwa yameona. Kwanza ilikwama nyama. Sasa ni bugali. Na suruali za Vainqueur zilikuwa zinamvuka kiunoni kwa kukonda.

Kulipokucha akabisha kwa jirani yake Benite, muuguzi.

"Dada, chakula kinamukwama bwana yangu, na wanataka kumukata kilimi. Kilimi kinaweza kukondesha mutu hivyo?"

"Apana. Wakikikata watamuongezea kidonda tu. Chakula kinakwama wapi?"

"Anashika hapa, kifuani."

"Basi shida iko kwenye njia ya chakula. Inaweza kuwa kansa. Mupeleke leo. Watapitisha mpira mwembamba wenye kamera, waangalie."

"Kansa! Si ndiyo kufa?"

"Zamani wengi walikufa. Walikuja wakati hata maji hayapiti. Siku hizi matibabu yameendelea. Anayewahi ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Anayengoja anaipoteza."

Daphrose alirudi mbio. Mzee alikuwa amefika na kisu chake kilichopinda. Vainqueur alikuwa ameshaachama.

"Funga kinywa, Baba Bella!" akamwambia mumewe.

Spès akasimama. "We ni docteur sasa?"

"Nisamehe, mama. Mi si docteur. Mi ni bibi yake. Siyo kilimi. Tunaenda hospitali."

Akamshika mumewe mkono, hakumwachia. Vainqueur akacheka kidogo. "Bandarini nabeba magunia. Hapa nyumbani nabebwa mimi."

Huko hospitali, kamera ilionyesha kansa, bado ndogo. Alipewa dawa, kisha akapasuliwa. Daktari akamwambia aache sigara na pombe, na chai aiache ipoe kwanza. Leo anakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mwili unarudi. Akiitwa kwa uchunguzi, hakosi.

Juzi jirani mmoja alikuja kumuuliza Spès anakoishi yule mkata kilimi.

"Chakula kinakukwama?" Spès akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Vaa viatu. Nakupeleka hospitali mi mwenyewe."