Matete ya Evodia

Chura alilia saa sita mchana nyuma ya nyumba ya Evodia, kando ya ziwa Kindai. Mtu wa mbali atauliza ajabu iko wapi. Maji ya Kindai ni ya chumvi, na chura akiingia humo hatoki kuimba. Evodia aliacha ufagio, akasikiliza, akajiambia labda katoka kwenye pipa la jirani. Mwenye nyumba mpya hataki kusikia ubaya wake.

Nyumba yenyewe aliitolea jasho, miaka ya kuuza alizeti juani. Wapimaji walipokuja kutafuta nani kajenga ndani ya mita sitini za ziwa, wenzake wengi waliandikwa X nyekundu ukutani, wabomolewe. Yake ilipona kwa upana wa kibaraza. Ikaamriwa ule ukanda mtupu kati ya ukuta wake na maji upandwe majani upya, udongo usiporomoke ziwani. Msimamizi wa kazi hiyo akawa mume wake, Paschal, mtu mwema, ila mdomo wake haukuwekewa mlango.

Miche ya kwanza iliuawa na chumvi. Paschal akachukua lori na vibarua, wakaenda mbali, upande wa Mitundu, wakang'oa matete kwenye kinamasi pamoja na tope lake. Wanafunga turubai, sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani ya matete, kwa upole kabisa, yanakwenda kwa nani. Watu wa pale sauti hiyo hawaijibu. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua kunyamaza na kuondoka. Paschal alidhani ni mama anakata majani, akacheka.

"Kwa mke wangu, Evodia. Ndiye bosi."

Vibarua wakacheka naye. Kucheka ni bure.

Matete yakapandwa kwenye ukanda, yakashika. Wakaguzi wakaja, wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka. Ndipo akaja yule chura, na nyuma yake harufu, kama chungu cha mboga kilichosahaulika na kifuniko chake, nayo haikutoka ziwani, ilitoka chumbani. Sakafu ya saruji ikatoa jasho. Evodia akifuta, inarudi. Siku moja tete jembamba likatoboa sakafu pembeni mwa kitanda. Alilikata kwa kisu, na kule nje ukanda mzima ukainama mara moja, siku ambayo hata upepo wa Singida ulikuwa umelala.

Hapo akili ikamjia. Akajifunga kitenge, akabeba pochi, aende kwa dada yake Ikungi. Akafungua mlango wa mbele, akavuka kizingiti, na mguu ulioutafuta mchanga wa nje ukakanyaga sakafu ya jikoni kwake mwenyewe, maana alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, akageuka akatoka tena, akaingia tena, akatoka mbio akiwa amefumba macho na kumtaja Yesu, akaingia tena, mpaka kitenge kikalowa hadi kiunoni kama mtu aliyevuka mto, na nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, mtu akamnong'oneza, "Unakwenda wapi, na mimi ni mgeni wako?"

Paschal aliporudi aliingia bila shida. Alimkuta mkewe amekaa juu ya meza, amekunja miguu. Akamshika mkono, akamvuta mpaka nje, akahema kwa furaha, akaangalia: ameshika konzi ya majani mabichi. Evodia alikuwa bado amesimama ndani, anamtazama.

"Ulisema nini kule?" akamuuliza taratibu. "Paschal. Ulimwambia nani jina langu?"

Alfajiri Paschal akarudi Mitundu, kwa Bibi Klara, mganga anayeishi jirani na kile kinamasi. Bibi alimsikiliza huku anapepeta uwele. Kufukuza akakataa. Akasema jini huyo hakuvamia, alikabidhiwa.

"Jina halifutwi," alisema. "Linabadilishwa na lingine."

Paschal akauliza kama mbuzi atafaa.

"Mbuzi wako anaitwa nani?"

Mbuzi hakuwa na jina. Akauliza basi ataje jina la nani. Bibi akasema hilo ni lake na Mungu wake, akaendelea kupepeta.

Mchana huo simu ya Evodia ikaita. "Nimelitaja langu," Paschal alisema. "Fungua mlango, mke wangu. Toka."

Akafungua. Upepo ukampiga usoni. Alikimbia mpaka barabarani, akaanguka, akacheka na kulia. Ndipo akakumbuka simu mkononi, bado haijakatwa, na vyura wengi ndani yake.

"Evodia," sauti ya Paschal ilisema, polepole sana. "Lori naliona. Lakini kila nikilifikia, nakuta maji."

Lori lilipatikana kando ya kinamasi, mlango wazi. Watu wakasema amezama, wakaweka matanga. Nduguze walimsihi Evodia ahame, akagoma. Hawakujua kwamba kila mchana simu inaita, namba ni ileile, na mumewe ana swali moja tu: "Umepata jina?"

Majuzi nyumba ya pili ilipata mpangaji, msichana mpole, akaja kuomba moto wa jiko. Akapiga goti kidogo, akaamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Unaitwa nani?"

"Happiness, mama."

Evodia akamsogezea kiti, kilichoyapa matete mgongo.

"Akina Happiness ni wengi hapa Singida," alisema. "Taja vizuri. Na la baba yako."