Birika la Vyura

Tanga mjini, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani, aliishi Kidawa. Aliishi na Bibi, na Mjomba Dadi mwenye upara, na mdogo wake Haji mwenye meno mawili.

Kidawa alikuwa na kila kitu. Ila chura.

Siku moja, baada ya mvua, Kidawa akachungulia ndani ya birika bovu la chai, nyuma ya jiko. Humo mlikuwa na maji. Na kwenye maji, viluwiluwi!

"Mwalimu alisema viluwiluwi wakikua wanakuwa vyura," akanong'ona. "Nina vyura! Vyura wangu mwenyewe!"

Viluwiluwi wakacheza. Kidawa akawaimbia.

*Pinda, nyooka! Pinda, nyooka!*
*Kueni, kueni, muwe vyura!*

Jumatatu, mlangoni: "Hodi! Hodi!"

Alikuwa Bwana Afya. Bwana Afya alikuwa mama. Jina lake Bi Siwatu, na alivaa gauni la maua. Lakini beji yake iliandikwa BWANA AFYA, na beji haibishiwi.

"Shikamoo, Bwana Afya," akasema Kidawa.

"Marahaba, mwanangu. Natafuta maji yaliyotuama. Mbu wanataga humo." Akafungua fomu. Fomu ilikuwa ndefu kama kanga.

"Mna tairi bovu?"

"Hatuna," akasema Bibi.

"Kopo?"

"Hatuna."

"Kifuu?"

"Nimeshakichoma, mwenzangu. Nilipikia maharage."

Kidawa alikuwa amekalia birika. Moyo wake ukaenda du! du! du! *Akiliona, atawamwaga vyura wangu!*

Bwana Afya akageuza ukurasa. Fomu haikuuliza birika. Kidawa naye hakujibu birika.

"Nyumba safi!" akasema Bwana Afya. Akagonga muhuri. Pa! Akaenda zake.

Kidawa akalibeba birika mpaka chumbani. Akalificha chini ya kitanda.

*Pinda, nyooka! Pinda, nyooka!*
*Kueni, kueni, muwe vyura!*

Wakakua. Wakajikunja kama koma za kwenye daftari. Na Alhamisi asubuhi, mmoja akapasuka mgongo. Pwi! Akatoka mtu mwembamba.

Kidawa akamkodolea macho. "Chura, mbona una mabawa?"

Chura hakujibu.

"Chura, mbona una miguu sita?"

Chura hakujibu.

"Na nani kakuvalisha soksi za milia?"

"Nziiii!" akasema chura. Akaruka. Nyuma yake wakatoka wenzake, wakaruka. Nziiii! Nziiii! Nziiii!

Mmoja akatua kwenye shavu la Bibi. Bibi akajipiga. Paa!

Mmoja akatua kwenye upara wa Mjomba Dadi. Mjomba akajipiga. Paa! Akakosa. Akajipiga tena. Paa! Paa!

Nje, jirani akasimama. "Jamani, mbona makofi? Kuna harusi humo?"

"Hakuna harusi!" akalia Mjomba Dadi. Paa!

Mmoja akatua kwenye pua ya Haji. Haji alikuwa mdogo. Hakujua kujipiga. Akalia tu: "Ngaaa!"

Kidawa akamfukuza yule mbu. Mbu akarudi. Akamfukuza tena. Tena akarudi.

Basi Kidawa akatoka mbio. Akampata Bwana Afya nyumba ya tatu, anauliza habari za tairi.

"Bwana Afya! Vyura wangu wanamng'ata Haji!"

Bwana Afya akaja. Akachungulia ndani ya birika. Humo walibaki viluwiluwi wengi bado.

"Mwanangu, hawa ni viluwiluwi kweli. Lakini mama yao si chura. Mama yao ni mbu."

"Mbona wanaitwa viluwiluwi, basi?"

"Jina moja, mama mbalimbali. Kama wewe na Kidawa wa kule sokoni. Tazama. Hawa wananing'inia kichwa chini. Wanapumulia makalioni."

"Makalioni!" Kidawa akacheka mpaka akapata kwikwi. Kisha akamtazama Haji. Pua ya Haji ilikuwa nyekundu. Kidawa akaacha kucheka.

"Nililikalia birika," akasema polepole. "Ulipokuja. Nilikuficha."

"Mbu huyu wa soksi za milia anang'ata mchana," akasema Bwana Afya. "Anaweza kuleta homa ya dengue. Mwili mzima unauma, hata nywele. Sasa vyura hawa tuwafanyeje?"

Kidawa akalibeba birika mwenyewe. Akalimwaga kwenye mchanga wa moto. Mwaaa! Akalisugua ndani kwa brashi, maana mayai ya mbu hung'ang'ania. Sugu, sugu, sugu! Akaligeuza juu chini, ukingo wake juu ya kipande cha tofali.

Bwana Afya akachukua rula. Akachora mstari mpya kwenye fomu. Akaandika: *Birika, moja. Limekaguliwa na Kidawa.* Pa!

Wiki iliyofuata ofisi ya Bwana Afya ikajibu. Barua ilikuwa na mihuri mitatu: *Birika halimo kwenye fomu. Kwa hiyo birika hilo halipo.*

Bibi akaisoma barua. Akalitazama birika. "Umesikia?" akaliambia. "Hupo."

Jioni mvua ikanyesha. Kidawa na Haji wakaingia kitandani. Bibi akashusha chandarua, akakichomeka pande zote.

"Bibi, wote tumepona?"

"Wote. Hata upara wa Mjomba."

Kidawa akageukia ubavu. "Ila sina chura."

Hapo nyuma ya jiko kukasikika: "Krrro!"

Bibi akachungulia dirishani na tochi. Chini ya birika lisilokuwepo alikaa chura. Mnene, miguu minne, hana soksi. Akatoa ulimi, akammeza mbu. Nyap!

"Kidawa," akasema Bibi, "una mpangaji. Amehamia bila fomu."

Kidawa akacheka chini ya chandarua. Akafumba macho, akaimba polepole.

*Ruka, meza! Ruka, meza!*
*Lala, lala, chura wangu.*

"Krrro," akasema chura.

Na Haji mwenye meno mawili alikuwa ameshalala.