Alama Nyekundu ya Fundi Aminieli

Alhamisi ile haikuwa na jambo. Mwezi wa saba, Mlima Meru kajifunika ukungu mpaka mabegani, Ngarenaro nzima imevaa masweta, na Sifaeli kasimama mlangoni mwa gereji na kikombe cha chai ya tangawizi, anasubiri jua kama mtu aliyeahidiwa.

Sifaeli ni mtoto wa mama yangu mdogo, kwa hiyo nikimsema nina kibali. Ni fundi mzuri. Nasema mzuri, sisemi hatari, kwa sababu hatari alikuwa mzee Aminieli, na hilo ndilo lililokuwa linamla ndugu yangu mchana na usiku. Watu wengine huwaonea wivu walio hai. Mimi mwenyewe naonewa wivu, na sababu zipo. Sifaeli alimwonea wivu marehemu.

Aminieli ndiye aliyekuwa na ile gereji. Jitu la miraba minne, linatafuna karafuu kutwa nzima. Alikuwa na alama yake. Kila nati aliyoikaza aliipigia mstari mwembamba wa rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva kama buni ya kuchuma. Nusu ya mstari juu ya nati, nusu juu ya chuma kilichoshikwa. Nati ikilegea, hata kidogo, nusu mbili zinapishana na unajua mapema, kabla gurudumu halijakuaga barabarani. Wateja walikuwa wanainama, wanauona mstari, wanaondoka na amani yao.

Sifaeli alifanya naye kazi miaka kumi na moja. Siku moja akamwomba na yeye aitumie ile alama. Mzee akacheka mpaka karafuu ikanukia.

"Alama ni mkono wa mtu," akasema. "Wewe kaza kwanza. Halafu utafute yako."

Mwezi wa nne presha ikamchukua mzee. Tukamzika Kikwe, kando ya migomba yake. Kabla sanduku halijafungwa, mjane wake, mama Anyesi, akakitumbukiza kile kichupa cha rangi kwenye mfuko wa koti la marehemu. Watu wakalia. Sifaeli hakulia. Alikuwa anaukodolea ule mfuko. Mtu yuko msibani, anamwonea wivu maiti kwa kichupa cha rangi ya kucha! Kama nisingeona kwa macho yangu, ningebisha.

Mama Anyesi akamwachia gereji aiendeshe. Sifaeli akang'oa kibao, akaandika jina lake, herufi kubwa kuliko mlango. Kazi bure. Wateja waliendelea kuuliza kwa Aminieli ni wapi. Hata mkewe Tabea, mama Angel, mkono wa sufuria ukilegea, alisema tu bila nia mbaya, "Marehemu angekuwepo angeukaza huu." Sifaeli anasukuma sahani, hali tena.

Na kule nyuma ya gereji kulikuwa na magogo mawili ya mgrevilea, mzee aliyakata shambani kwake Kikwe ya kuwekea chini ya gari. Wiki moja baada ya mazishi, Sifaeli aliyapasua kuni.

Basi Alhamisi hiyo ndiyo akaingia Mfaransa.

Ni Sitroeni ndefu ya bluu, ya enzi zile mameneja walipokuwa wanakaa siti ya nyuma na kufungua gazeti lote. Haina springi. Inabebwa na mafuta ya kijani, pampu inayasukuma mpaka kwenye mabuyu manne ya chuma yenye gesi, buyu moja kila gurudumu. Ukiwasha injini inanyanyuka taratibu, kwanza matako halafu kichwa, kama ngamia. Ukizima, inashuka kidogo kidogo mpaka tumbo linakaribia ardhi. Hilo ulikumbuke. Bila injini inashuka. Haipandi. Haijawahi.

Mwenyewe ni Mwalimu Hedwiga wa Lemara, mwalimu mkuu mstaafu, gari aliachiwa na mumewe. Akashuka na mkoba kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nyuma kulia inalala, hainyanyuki. Jumatatu naenda nayo Rombo na wajukuu watatu, mmoja anapata kipaimara. Jumapili saa sita, nikitoka misa, naifuata."

"Utaikuta tayari."

"Na zile nati sita za uvunguni kule nyuma, zinazoshika mikono ya magurudumu, uzikaze zote. Nitaangalia mstari." Akatoa tochi mkobani, akaiwasha kumuonyesha. "Gari mimi silijui. Kusahihisha najua. Mstari wa Aminieli."

"Mwalimu, Aminieli si tulimzika?"

"Nilikuwepo," akasema. "Mstari nitauangalia."

Kazi ya mafuta Sifaeli aliifanya vizuri, hapo nampa maksi zake. Aliazima stendi kwa Richard, fundi rangi wa jirani, akalala chini ya gari, akabadilisha mpira uliopasuka, akatoa hewa. Ijumaa mchana Mfaransa akanyanyuka, matako kisha kichwa, amelingana kama meza. Zikabaki zile nati sita. Brashi inapita, ila spana haiingii mpaka ufungue bomba la moshi, ujibane nayo nusu siku, mgongo kwenye saruji ya baridi. Mistari ya zamani ilikuwa imeliwa na matope. Sifaeli akazitazama. Akajiambia hizi hazijasogea miaka kumi.

Akavuka barabara mpaka duka la Agnela, akanunua rangi ya kucha.

"Ya mama Angel?" Agnela akamuuliza.

"Ee, ya mama Angel."

Akarudi chini ya gari, akachora mistari sita. Spana hakuigusa. Alijisikia raha kuliko siku aliyofunga ndoa. "Haya," akanong'ona. "Sasa nani Aminieli?"

Jumamosi asubuhi mistari haikuwepo.

Haikuchubuka, haikupukutika. Haikuwepo. Nati zote sita zilikuwa zinang'aa kama zimelambwa.

"Richard, umeingia chini ya Mfaransa wangu?"

"Oya, mimi na ngamia wako wapi na wapi?" Richard akacheka. "Labda mzee kaja kukusahihishia."

Sifaeli akachora tena sita. Akawasha gari likanyanyuka, akatoa stendi akamrudishia Richard, akazima. Funguo akatia mfukoni. Alikuwa anafuta mikono na tambara gari lilipozama upande wa dereva. Ghafla, vile linavyozama mtu mzito akikaa. Siti ya ngozi ikalia.

Vioo vilikuwa vimefungwa. Ndani hapakuwa na mtu.

Halafu upande ule ukapanda. Taratibu. Ukajiweka sawa. Injini imezimwa, funguo anazishika mfukoni, anazihesabu kwa vidole, zipo zote. Akafungua mlango. Harufu ya karafuu ikampiga usoni kama pumzi.

Mwingine yeyote angekimbilia kwa mchungaji. Sifaeli akasema ni mafuta ya zamani, ni hewa kwenye mipira. Moyoni alisema jingine: mzee huyu hataki hata nipate mteja mmoja.

Jumapili alifika saa nne. Ngarenaro ilikuwa kimya, watu wako makanisani, kwaya ya usharika inasikika kwa mbali. Akapiga magoti, akachungulia. Mistari imefutwa tena. Zilibaki saa mbili Mwalimu afike, na kwa saa mbili fundi mwenye haraka anaweza kuzikaza hata nne. Sifaeli akachukua kichupa.

Stendi ziko kwa Richard, na Richard kafunga, kaenda ibadani. Magogo yalishakuwa majivu. Akawasha gari likanyanyuka, akazima moshi usije ukampulizia usoni, akalala chali, akajisukuma chini. Dakika mbili tu, akajiambia.

Alichora mstari wa kwanza. Wa pili.

Gari likaanza kushuka.

Halikudondoka. Lilishuka kama mtu anayekaa na kujipanga. Chuma kikamgusa kifua. Kikakaa. Akajaribu kutoka, bega likagoma. Akataka kupiga kelele, pumzi haikutosha kelele. Ilitosha kunong'ona.

Kwaya ikanyamaza.

Tik.

Juu ya uso wake, nati ya kwanza ikazunguka. Peke yake.

Tik. Tik.

Hakuna spana. Hakuna mkono. Nati inazunguka, robo, nusu, duara zima. Ilikuwa imelegea. Ikafuata ya pili, duara na nusu. Ya tatu, maduara mawili. Sifaeli ni fundi, aliyahesabu bila kutaka. Gari hilo lilikuwa liende Rombo na watoto watatu.

Zilipofika sita, pakawa kimya. Karafuu zikanukia, kali. Ndugu yangu, kwa malezi tu, akasema alichofundishwa kusema kwa mkubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Sauti haikutoka juu. Ilitoka chini ya mgongo wake, ndani ya saruji.

"Ulikuwa umekaza?"

"Hapana, mzee."

Akasikia kifuniko kidogo kinafunguliwa. Kisha kitu chembamba, laini, chenye maji ya baridi, kikamgusa chini ya sikio. Kikateremka shingoni, taratibu, kwa mkono uliozoea. Kikaishia begani.

Gari likapanda.

Mwalimu Hedwiga alifika saa sita na dakika tano, akamkuta Sifaeli kakaa kwenye tairi la zamani, mweupe kama unga. Mwalimu akaweka khanga chini, akapiga magoti, akamulika. Nati ya kwanza mpaka ya sita. Mistari sita, myembamba, nyekundu ya buni iliyoiva. Kile kichupa cha dukani kilikuwa sakafuni, kimepasuka, na rangi iliyomwagika ilionekana ya waridi tu ukiilinganisha na mistari ile.

"Hii ndiyo kazi," Mwalimu akasema, na sauti ikamlegea. "Hii ni ya Aminieli kabisa."

Nani angeamini? Hata hapo, mbavu zinamuuma, Sifaeli aliona wivu. Mwenyewe kaniambia. Aliona wivu kuliko woga.

Mwalimu akamulika shingo yake. "Na hapo umejipaka. Ukanawe."

Alinawa. Akajaribu sabuni, petroli, thina ya Richard mpaka ngozi ikababuka. Ngozi ilitoka, ikaota mpya, na mstari upo juu ya ile mpya. Kutoka chini ya sikio mpaka begani, umenyooka. Nusu upande wa kichwa, nusu upande wa mwili.

Mfaransa alienda Rombo akarudi, wajukuu wazima. Mama Anyesi akamwambia Sifaeli kaburi halijaguswa, majani yameshaota. Sifaeli akarudisha kibao cha mzee mlangoni. Siku hizi anakaza kila kitu, hata mikono ya sufuria za Tabea. Na kila asubuhi kabla ya chai, Tabea anamkalisha kwenye kigoda dirishani, anamshika kidevu, anauangalia mstari. Kila asubuhi anasema, "Uko sawa, Baba Angel." Ndipo ananyanyuka.

Jumanne iliyopita Richard, ambaye sasa anagusa hata injini, kaletewa Mfaransa mwingine. Mweusi, msafi, wa daktari mmoja. Gereji nzima ilitoka kumtazama akinyanyuka. Wateja wawili wa Sifaeli wakavuka kwenda kuangalia, wakabaki hukohuko. Nilikuwepo, na nikamtania ndugu yangu: "Kaka, umepata mwingine wa kumwonea wivu, na huyu yuko hai." Alikuwa anamtazama Richard kama alivyoutazama ule mfuko wa koti.

Jumatano asubuhi nilipita kwake kunywa chai. Nikamkuta kwenye kigoda, kanyooka, hageuzi kichwa. Nikamsalimia, akanijibu huku anatazama ukuta.

Tabea alikuwa kamshika kidevu kwa mikono yote miwili, kama anayeshika kitu kisidondoke. Alikuwa hajasema kuwa uko sawa. Nikasogea nikaangalia mwenyewe.

Nusu mbili zilikuwa zimepishana. Kidogo tu, unene wa uzi.