Banda la Kutwangia Mifupa

Kisa hiki kilimpata rafiki yangu Hester Pilling, dobi wa nyumba ya kuwafanyisha kazi maskini huko Thornwick, naye hakuwa mtu wa kuzua mambo. Humo wanaume walitwanga mifupa ya ng'ombe iwe mbolea, na kwa njaa walilamba uboho uliooza. Siku moja Bwana Crake, msimamizi, alimfuma mzee Amos akilamba, akampiga kwa mchi hadi fuvu likapasuka.

Kesho yake wanaume wote walikwenda kumzika. Hester akatumwa kumwita Crake aje kula. Alimkuta mbele ya banda la mifupa, lisilo na dirisha hata moja, ametega sikio. Ndani mchi ulikuwa ukitwanga polepole, du, du.

"Nani yumo humu?"

"Sijui, bwana. Wanaume wote wako makaburini."

"Kuna mvivu kajificha. Leo namvunja miguu."

Crake akaingia gizani na rungu lake, mlango ukajifunga. Hester akasikia rungu likipiga mara tatu, kisha likaanguka. Crake akapiga yowe. "Basi, nimekoma, basi." Mfupa ukavunjika, kisha mwingine. Hester akauvuta mlango kwa mikono miwili, usifunguke. Mchi ukaendelea kutwanga, mpaka sauti ya Crake ikakatika.

Wanaume waliporudi, waliugusa tu mlango ukafunguka. Ndani hamkuwa na mtu. Taa waliyoiwasha ilimulika sakafu kavu na kinu kilichojaa unga mweupe. Hester akatia mkono. Unga bado ulikuwa na joto la mwili.