Kwenye Ganda la Magadi

Landrova ilizama mbele kwanza. Ganda jeupe lililoibeba tangu asubuhi lilikatika kama ukoko wa ugali, magurudumu yakatumbukia kwenye tope jeusi, na dumu la maji lililofungwa kwenye bampa likapasuka. Bashiri, dereva kutoka Tunduma, alizima injini. Osea, mtaalamu wa picha za setilaiti, aliikunja ile aliyokuwa ameishika mapajani.

Njia aliichagua yeye. Alikuwa amerudi majuzi kutoka Kanada, alikofundishwa kusoma barafu ya mito na maziwa katika picha zilizopigwa toka angani: penye weusi ni maji, kaa mbali, penye weupe uliotanda, barafu imeshikana, pita. Picha ya Ziwa Rukwa ilionyesha mkanda mpana mweupe kusini mwa ziwa. Osea ni mzaliwa wa Isansa, kwenye mashamba ya kahawa, alijua fika kwamba Rukwa hakuna barafu na kwamba ule weupe ni magadi. Lakini jicho lilikwisha kuzoea. Weupe akausoma kuwa njia.

Bashiri alipiga jeki. Jeki nayo ikadidimia, gari likamwangukia mguuni. Osea alifukua tope kwa mikono mpaka mguu ukatoka, umevunjika juu ya kifundo, akaufunga kwa mbao za sanduku la vifaa na shati lake.

"Nenda wewe," Bashiri alisema. "Ukipata watu, walete."

"Kwa jua hili, bila maji, hutanisubiri mpaka nirudi."

Osea akaikunjua picha, akiona aibu kuitazama mbele ya mwenzake. Upande wa mashariki mstari mwembamba mweusi uliukata ule weupe.

"Huu ni mto Songwe. Maji ya kunywa."

"Una hakika, mtaalamu?"

"Ya mto nina hakika. Ya njia sina."

Hatua ya kwanza tu, ganda lililia. Ndipo akakumbuka somo jingine la Kanada: barafu ikilia, lala, utandaze uzito. Akalala kifudifudi, ganda likatulia. Alimlaza Bashiri juu ya turubai la gari, akajifunga kamba yake kiunoni, akaanza kutambaa.

Viwiko vilichunika, magadi yakaingia kwenye vidonda. Osea alilia kwa maumivu na hakujificha.

"Watu wa Isansa mnatambaa vizuri," Bashiri alisema nyuma yake. "Ndiyo nguvu ya kahawa yenu hiyo?"

Baadaye utani ukakoma. Osea alimwita, akajibiwa kwa mguno. Hofu kubwa kuliko ile ya tope ilimshika, akavuta kwa nguvu zaidi.

Jua lilikuwa limeinama alipoyaona matete. Roda, mwanamke aliyekuwa akianika samaki kando ya mto, aliita wenzake. Wakamnyanyua Bashiri kutoka kwenye turubai, wakambeba hadi kivulini, wakamnywesha kidogo kidogo mpaka akafumbua macho.

"Na yule mwenzio?" Roda aliuliza. "Naye kavunjika?"

Osea alikuwa ameyapita matete, yuko kwenye udongo mgumu uliokanyagwa na ng'ombe, bado anatambaa na turubai tupu nyuma yake, akiigonga ardhi kwa kiganja kabla ya kusogeza goti.

"Mzima yule," Bashiri alisema. Akapaza sauti kidogo. "Osea. Hiyo ni nchi kavu, ndugu yangu. Simama."

Osea alisikia. Akaigonga tena ardhi, akaendelea kutambaa mpaka mkono wake ukaligusa bega la Bashiri.