Kidonge cha Bibi

Kasuku si jina lake. Aliitwa hivyo nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Tangu anaamka mpaka analala, alikuwa akiongea. Mama yake, fundi cherehani, alishona huku akimsikiliza. Bibi yake alikaa karibu na mlango, akikata nyuzi kwenye nguo zilizokwisha kushonwa na kumtania.

"Wewe mtoto, ukinyamaza utakufa?"

"Sifi, Bibi. Nitapasuka."

Halafu Kasuku akaanza kunyamaza.

Kwanza kichwa kiliuma. Kikaacha, kikarudi. Darasani maandishi ya ubaoni yakawa kama yana ukungu. Mama aliona ni visingizio.

"Kichwa chako kinauma asubuhi za shule tu," alimkaripia. "Usinichezee akili."

Hakuwa mama mbaya. Alikuwa na kazi kubwa ya sare za walinzi wa kiwanda, na kiwanda kilizitaka haraka.

Siku moja Kasuku alitoka damu puani, ikagoma kukatika. Mama akampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliizuia damu, kisha akachukua mkanda mdogo wa watoto wa kupimia presha. Akapima. Akamwacha mtoto apumzike, akapima tena mkono wa pili. Uso wake ukabadilika.

"Mama, mtoto ana presha. Iko juu sana."

Fundi akacheka kwa mshangao. "Presha? Mtoto wa miaka minane? Ana mawazo gani huyu, dada? Ana mume?"

Muuguzi hakucheka. "Presha ya mtoto mdogo haiji kwa mawazo. Mara nyingi kuna kitu ndani kinachoipandisha, hasa figo. Mpeleke hospitali kubwa leo hii. Si kesho."

Njiani fundi alizifikiria zile sare. Kisha akamfikiria Bibi. Bibi alikuwa na presha miaka mingi. Kila asubuhi alimeza kidonge chake, na siku ikaenda. Kumbe hili jambo yeye fundi analijua! Presha ni presha, fundi alijiambia. Akarudi nyumbani, akakata kidonge cha Bibi katikati, akampa Kasuku nusu.

"Ni ya kichwa," alisema. "Kunywa."

Akafanya hivyo kila asubuhi, kimyakimya. Kichwa kweli kikapoa kidogo, na hapo ndipo alipodanganyika. Alimaliza sare, akazipeleka kiwandani.

Lakini uso wa Kasuku ukaanza kuvimba. Mkojo ukapungua, kisha siku nzima hakukojoa kabisa. Alilala akitazama ukuta.

"Huyu mtoto hanijibu hata nikimchokoza," Bibi alisema.

Fundi alimbeba mgongoni, akatoka mbio. Bibi akafuata nyuma.

Hospitalini daktari aliuliza, "Amekunywa dawa yoyote?"

"Hapana," fundi akajibu upesi.

Daktari alimtazama. "Mama, figo zake zimegoma ghafla. Nikijua kilichozigomesha, nitakiondoa. Nisipojua, napapasa tu, na mtoto tunaweza kumpoteza."

Masikio ya fundi yaliwaka moto kwa aibu. Bibi alikuwa amesimama palepale. Fundi akapiga moyo konde.

"Nimempa vidonge vya bibi yake. Nusu, kila asubuhi."

Bibi alishika mdomo. Daktari hakufoka. Fundi alitamani amfokee. Daktari alisema tu kwamba mtoto asipewe tena hata chembe ya dawa ile, akaagiza vipimo na picha za mishipa ya damu.

Majibu yalipotoka, aliwaketisha kwenye benchi.

"Figo husafisha damu," alisema. "Kila figo hupata damu kupitia mshipa wake. Mishipa ya Kasuku ni myembamba, damu inapita kwa shida. Figo ikikosa damu, inadhani mwili mzima umepungukiwa. Basi inapiga kelele: pandisha presha! Ndiyo presha mliyoambiwa."

"Na dawa ya bibi yake?" fundi aliuliza.

"Kwake yeye ni nzuri. Lakini figo za Kasuku ziliishi kwa ule msukumo mkubwa wa damu. Dawa ya aina ile iliukata msukumo ndani ya figo, zikabaki na kiu. Dawa za presha ni nyingi, na mtoto huchaguliwa yake baada ya kupimwa."

"Mishipa hiyo, nimeiharibu mimi?"

"Hapana. Huenda alizaliwa nayo hivyo. Hilo si kosa lako."

Kosa lake lilikuwa lipi, daktari hakulitaja. Fundi alilijua, akalia.

Figo moja ilikuwa imesinyaa kabla ya mtu yeyote kumpima Kasuku. Hiyo haikupona. Ya pili ilianza kufanya kazi tena, polepole. Mtoto alipopata nguvu, madaktari walipitisha ndani ya mshipa wa figo hiyo mrija mwembamba wenye puto dogo kwenye ncha. Wakalijaza puto, mshipa ukapanuka. Presha ikashuka, ingawa si yote. Kasuku atakunywa dawa yake mwenyewe, atakula chumvi kidogo, na atapimwa mara kwa mara.

Sasa yuko nyumbani. Anaona ubao vizuri na anaongea tena, ingawa si kama zamani. Wanawake wakileta nguo, fundi huwauliza, "Mtoto wako amewahi kupimwa presha?" Wengine hucheka. Yeye huwasubiri wamalize kucheka, kisha huwaeleza.

Kila asubuhi humimina maji na kumpa Kasuku dawa. Kasuku hamezi mara moja. Kwanza hutazama kiganja cha mama yake.

"Mama, hii ni yangu au ya Bibi?"

"Ni yako, mwanangu."

Fundi humwonyesha pakiti. Hajawahi kumwambia aache kuuliza.